Sungura wa dola 400, na mama yake ambaye hukuonyeshwa

Shikamoo Mama. Naandika kutoka Lexington, Kentucky. Nilikulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, tukaletwa huku nikiwa na mtoto mgongoni. Mtoto huyo sasa ana miaka 12, ameingia 4-H, klabu ya vijana ya ukulima na ufugaji, na tangu Januari nyumbani hakuna habari nyingine ila sungura. Anataka Holland Lop, wale wadogo wa masikio yaliyolala, awapeleke kwenye maonyesho na baadaye azalishe wake mwenyewe. Jumamosi iliyopita tulikwenda kuangalia. Mfugaji mmoja ana dume mwenye cheti cha Grand Champion, anataka dola 400 na hapunguzi. Mwingine anauza watatu pamoja, dume na majike wawili, wote wa miezi mitatu, kwa dola 375 na hati zao za ukoo. Mimi nimeweka akiba dola 650 za ovataimu ya ghalani. Mume wangu anasema kambini sungura tulimnunua kwa hela ya mboga na tukamla, sasa huyu wa dola 400 ana nini? Mwanangu naye analia kwamba bila dume yule hatashinda. Nilipe kiasi gani?
*Mama wa kijana wa 4-H*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, maana miaka 16 iliyopita nilisimama mbele ya muuzaji kama huyo hapa Ohio, nina dola 300 kwenye pochi, moyo unanienda mbio. Nikalipa. Na nilikosea. Acha nianze na kosa langu, ndilo lililonifunza bei.

Alikuwa dume wa miezi minne. Asubuhi ile ile alikuwa amewashinda wenzake tisa, na utepe wake ulikuwa umebandikwa juu ya kitundu. Kichwa cha mviringo, mashavu yamejaa, unamwangalia unatamani kumkumbatia. Muuzaji akanipa bahasha ya hati ya ukoo, nikaitia kwenye mkoba, nikarudi nyumbani naimba. Alipofika miezi saba masikio yalikuwa yameendelea kurefuka, uso umerefuka, na siku nilipompeleka tena, mwamuzi akamweka kwenye mizani: paundi 4 na wakia 7. Holland Lop haruhusiwi kuzidi paundi 4, kama kilo 1.8. Akaondolewa mezani kabla hata hajaguswa mgongo. Usiku ule ndipo nilipofungua bahasha. Mama yake: paundi 4 na wakia 9. Bibi yake mzaa mama: paundi 4 na wakia 6. Yote yalikuwa yameandikwa pale kwa mwandiko mzuri, na mimi nilikuwa nimelipa dola 300 bila kusoma.

Kwa hiyo mwambie baba watoto kwamba hajakosea hata kidogo. Sungura wa kambini bei yake ilikuwa nyama, na nyama unaishika mkononi ukajua. Huyu wa maonyesho unamlipia kitu ambacho hakijazaliwa bado. Unalipia watoto wake. Na watoto hao hawatafanana naye tu, watafanana na mama yake, na baba yake, na shangazi zake waliobaki kwenye banda la muuzaji. Ukiniuliza mimi, bei ya sungura wa mbegu haimo kwenye kile kitundu ulichoonyeshwa. Imo kwenye vitundu vya nyuma.

Sasa tumchukue dume wa dola 400. Cheti cha Grand Champion ni kitu cha kweli, sikidharau. Chama cha wafugaji wa sungura cha Marekani, ARBA, kinamtaka mnyama awe ameshinda mara tatu, na kila ushindi huo wao wanauita «mguu». Mguu unahesabiwa kama kundi lilikuwa na sungura watano au zaidi, wa wafugaji watatu au zaidi, na miguu hiyo mitatu isitolewe na mwamuzi mmoja peke yake. Umeona hapo? Dume anaweza kupata cheti kwa kuwashinda sungura wanne mara tatu kwenye maonyesho madogo ya kijijini. Mwingine amekipata kwa kuwashinda themanini. Karatasi ni ile ile. Muulize: alishinda wangapi, wapi, mbele ya waamuzi gani? Mfugaji mwenye mnyama wa kweli anakumbuka siku hizo kama harusi ya bintiye, atakusimulia mpaka uchoke. Akianza kung'ata maneno, dola 400 zimeshapungua.

Kisha muulize swali ambalo mimi siku hizi naliuliza kabla ya jingine lolote: kwa nini unamuuza? Mfugaji hauzi dume wake bora bila sababu. Sababu nzuri ipo, nayo ni moja: amebaki na wanawe wawili watatu waliomzidi, kwa hiyo baba amekuwa mzigo wa chakula. Akikwambia hivyo, mwombe akuonyeshe hao wana. Kama hakuna mtoto hata mmoja wa kuonyesha na dume ana miaka miwili, basi ama hazai, ama anazaa visivyofaa, na cheti hakitabadilisha hilo.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu Holland Lop ana jambo lake ambalo sungura wa nyama hana, na ndilo linalowala fedha wageni. Udogo wao unatokana na jeni moja ya udogo. Sungura mzuri wa meza ya maonyesho, mfupi, mnene, mwenye kichwa kama ngumi, amebeba jeni hiyo mara moja tu. Ukimpandisha dume wa aina hiyo kwa jike wa aina hiyo, kwa wastani robo ya watoto watapokea jeni hiyo mara mbili, na hao hawaishi. Wafugaji wanawaita karanga. Unafungua kiota asubuhi, unakuta kitoto nusu ya wenzake, paji la uso limevimba, masikio madogo yamerudi nyuma, nyuma kamesinyaa. Kitanyonya siku moja, mbili, kisha kinakufa. Mwanao atalia, nakuambia mapema ili mjiandae. Nusu ya watoto watakuwa kama wazazi wao. Na robo iliyobaki hawana jeni hiyo kabisa: watakuwa wakubwa, masikio marefu, wazito kupita kiwango. Dume wangu wa dola 300 alikuwa wa kundi hilo.

Sasa sikiliza upande wa pili wa habari hiyo, maana ndipo fedha yako itakapopona. Jike mkubwa wa aina hiyo, ambaye hawezi kabisa kupelekwa kwenye maonyesho, mara nyingi ni mama bora kuliko dada yake mwenye utepe. Nyonga ni pana, anazaa bila shida, anapata watoto wanne watano pale ambapo mdogo wake anapata wawili na mmoja amekwama. Na kwa kuwa hana jeni ya udogo, ukimpandisha kwa dume mzuri hampati karanga hata mmoja. Nusu ya watoto wake watakuwa wadogo sawasawa, na damu yake ni ile ile ya nduguze washindi. Huyo bei yake ni dola 60 mpaka 100 hivi. Mwaka wangu wa pili, mzee mmoja aliniuzia jike wa hivyo kwa dola 60, paundi 4 na wakia 10, rangi ya kahawia iliyoungua mashavuni, sikio moja halikulala vizuri. Nilimchukua kwa aibu, nikamfunika kwa taulo garini. Binti yake wa mzao wa pili ndiye aliyeniletea cheti changu cha kwanza, na mpaka leo kila sungura aliye kwenye banda langu anarudi kwa yule mama.

Turudi kwenye hesabu yako. Unasema una dola 650, lakini fedha ya sungura si 650. Vitundu vitatu vya waya, kwa bei ninayoiona hapa kwetu, ni kama dola 50 kila kimoja, jumla 150. Chupa za maji, vyombo vya chakula, sanduku la kuzalia, kikapu cha kusafiria, weka 60. Chakula cha punje na nyasi kavu za miezi miwili ya mwanzo, weka 60 tena. Hapo imekwenda 270, imebaki 380. Ukimlipa yule bwana dola 400 umeshaingia deni la dola 20, na dume amekaa peke yake kwenye kitundu bila mke.

Wale watatu wa dola 375 je? Ukigawa, ni dola 125 kila mmoja, na hiyo si bei ya wizi kwa sungura mzuri. Ninachokikataa ni umri. Miezi mitatu ni mapema mno. Watoto hawa wanapendeza wakiwa wiki nane, kisha wanapitia kipindi cha ubaya, masikio yanakwenda huku na huku, mwili unarefuka, na wengine wanarudi kupendeza miezi mitano au sita, wengine hawarudi tena. Hata mfugaji mwenyewe hawezi kuapa. Kwa umri huo nisingetoa zaidi ya dola 80 kwa mmoja, na hapo niwe nimewaona baba na mama wamewekwa mezani. Bila hivyo ni mbuzi kwenye gunia. Uliza pia kama hao watatu ni ndugu wa tumbo moja. Wafugaji wazoefu wanapandisha ndugu kwa ndugu wakijua wanachokifanya, lakini kwa kijana wa miaka 12 anayeanza, ningependa dume awe wa mama mwingine.

Na zile hati za ukoo zisikupandishie bei. Kuingia kwenye maonyesho ya ARBA hakuhitaji hati, kunahitaji namba ya wino iliyochorwa ndani ya sikio la kushoto. Hati inahitajika siku utakapotaka kumsajili mnyama, akiwa ametimiza miezi sita, na msajili wa chama atamkagua kwanza kabla ya kumchora namba ya usajili sikio la kulia. Hati ni ya kusoma. Ina vizazi vitatu, mababu 14, na kila mmoja ana rangi yake na uzito wake. Soma safu ya uzito kwanza. Ukiona majike wawili watatu wamepita paundi 4, usikimbie, lakini ujue dume mdogo wa umri wa miezi mitatu kutoka kwenye ukoo huo anaweza kukua akapita kiwango. Ukiona uzito haukuandikwa kabisa, mwombe apunguze bei.

Hivi ndivyo ningefanya mimi na hizo 380 zako. Ningerudi kwa yule yule mwenye dume wa dola 400. Ningemwambia: «Dume wako ni mzuri, lakini hela yangu haimfikii. Una mwanawe wa miezi mitano au sita? Na una jike mkubwa wa mbegu ambaye humhitaji?» Kwa mwana wa dume yule, mwenye kichwa na mabega ya baba, ningelipa mpaka dola 150. Kwa jike mkubwa, 75. Halafu jike mmoja kijana wa kupeleka mezani, hata kama ana kasoro ndogo, 100. Jumla 325. Zinabaki 55 za kulipia kiingilio cha maonyesho mawili matatu na dharura. Na wote watatu wametoka banda moja, kwa mtu mmoja ambaye mwanao atampigia simu jike akigoma kupandwa au kitoto kikitoka nje ya kiota. Simu hiyo nayo ina bei, na mimi nimeshailipia zaidi ya mara moja.

Mwambie pia huyo bwana kwamba mnunuzi ni mtoto wa 4-H. Si kuomba sadaka. Wafugaji wengi wanapenda wanyama wao waende kwa watoto, kwa sababu mtoto mmoja anayekaa kwenye kazi hii miaka mitano anawaletea wateja. Mimi mwenyewe nina bei ya watu wazima na bei ya watoto.

Siku ya kununua, usinunue kwa macho. Omba meza na kipande cha zulia ili mnyama asiteleze. Mgeuze chali kwa upole, fungua midomo: meno ya juu yapite mbele ya yale ya chini. Yakigusana ncha kwa ncha au ya chini yakitangulia, rudisha, hata wakikupa bure, maana kasoro hiyo inarithiwa. Hesabu kucha, ziwe 18, tano kila mguu wa mbele na nne kila mguu wa nyuma. Mnyama wa rangi asiye na mabaka meupe, akiwa na ukucha mmoja mweupe, mezani hafai. Dume, hakikisha korodani zote mbili zimeshuka. Kisha shika miguu ya mbele uangalie upande wa ndani, pale anapojipangusia pua. Manyoya yakiwa yameganda na kunata, huyo ana mafua, na mafua ya sungura yakishaingia bandani hayatoki. Muulize muuzaji kuhusu chanjo ya RHDV2 pia, kirusi cha kutokwa damu kwa sungura, kwa kuwa ugonjwa huo umeua sungura wengi katika nchi hii tangu 2020.

Ukimaliza hayo, mketishe. Holland Lop anakaa wima, kichwa juu, vidole vya mbele vikigusa meza kidogo tu. Fumba macho kabisa, nakuambia kweli, fumba, kisha pitisha kiganja kutoka shingoni mpaka mkiani. Mgongo mzuri unaisha haraka, mkono wangu ukifunguka unammaliza wote. Mabega yawe mapana karibu sawa na nyonga. Mguu wa mbele uwe mnene na mfupi kama kidole gumba cha mwanamume. Masikio yashuke kando ya mashavu, mafupi, mapana, yasiyokunjika. Fanya hivyo kwa sungura sita wa banda hilo kabla ya kumshika unayemtaka. Wakiwa wote sita wana mabega yale yale, umefika mahali penye ukoo, na hapo dola 150 si ghali. Ukipata mmoja mzuri kati ya watano wabaya, huyo mmoja ni bahati yake mwenyewe, hatairithisha.

Na rangi? Usiongeze hata dola kumi kwa ajili ya rangi. Kwa aina hii waamuzi wanaipa rangi pointi chache mno, karibu zote ni mwili, kichwa, masikio na mifupa. Wanaotoza zaidi kwa rangi adimu wanauza mapambo.

Je, kuna siku ya kulipa dola 400? Ipo. Mimi nililipa 350 mwaka wangu wa 11, bila kuomba kupunguziwa. Banda langu lilikuwa na vichwa vizuri lakini mabega membamba, kizazi hata kizazi. Dume yule nilikuwa nimemfuatilia maonyesho manne. Nilikuwa nimewaona wanawe watano kwa mama watatu tofauti, na wote watano walikuwa na kifua kama cha bondia. Nilijua hasa ninachokinunua na nilikuwa na majike saba wa kumpa. Mwanao hana majike saba, na bado hajajua banda lake linakosa nini. Akishajua, miaka miwili ijayo, atakuja kukwambia mwenyewe dume gani na kwa nini, na wakati huo mpe hizo 400.

Jambo la mwisho kwako, kuhusu kushinda. Kwenye 4-H kuna shindano la mtoto mwenyewe: jinsi anavyombeba sungura, anavyomgeuza, anavyoeleza meno na kucha na kasoro, anavyojibu maswali. Mwamuzi hapo hapimi mnyama. Mwanao anaweza kushinda utepe huo kwenye maonyesho ya kaunti akiwa na yule jike wa dola 75. Awe anafanya mazoezi kila jioni dakika kumi mezani, na wewe umwulize maswali kwa Kiswahili, atajibu kwa Kiingereza mbele yao.

Na mkimbilie kununua sasa au msubiri Oktoba. Julai ya Kentucky joto likizidi nyuzi 30 dume hupoteza uzazi kwa wiki kadhaa, utamlisha bure.

---

Mama, salaam kutoka Minnesota. Mfugaji wa Mini Rex, aina ya sungura wadogo, ananiuzia jike kwa dola 60 badala ya 150, lakini anataka nimrudishie watoto wawili. Ni bei nzuri?
*Kaka wa theluji*

Ndugu yangu, inaweza kuwa bei nzuri sana, au ukajuta. Watoto wawili si kitu kidogo: ukiuza mtoto mzuri wa Mini Rex kwa 100, umemlipa huyo bwana 260. Ninachokiangalia ni nani anachagua. Akichagua yeye wa kwanza na wa pili, amekuachia makapi ya mzao na wewe ndiye uliyelisha. Mwambie yeye achague wa kwanza, wewe wa pili, yeye wa tatu. Andikeni: ni mzao wa kwanza tu au wa pili pia, watachukuliwa wakiwa na umri gani (mimi nasema wiki 10, chakula cha baada ya hapo ni juu yake), na jike akifa au asipozaa kwa miezi sita, deni limekwisha. Kama makubaliano hayo yanakupa na dume wa kupandisha bila malipo, chukua leo. Kama hayakupi, na huna dume, lipa 150 uwe huru.

---

Habari yako Mama. Niko Kiambu. Kuna watu wanauza seti ya mbegu ya sungura, dume mmoja na majike watano weupe, shilingi 60,000 za Kenya. Wanasema wana damu ya maonyesho kutoka ng'ambo, na watanunua kila mtoto nitakayezalisha. Nina mkopo wa chama umeshapita. Nitoe?
*Kijana wa Kiambu*

Kijana wangu, mkopo huo uuache kwanza mahali ulipo. Katika bei hiyo umechanganyiwa vitu viwili: sungura sita, na ahadi. Vitenganishe. Zunguka kwa wafugaji watano wa hapo Kiambu, uulize New Zealand White, aina ya sungura weupe wa nyama, aliye tayari kupandishwa wanamuuza ngapi. Uliza na kituo cha serikali cha Ngong, ambacho kimekuwa kikiwauzia wafugaji mbegu. Zidisha mara sita. Tofauti kati ya jumla hiyo na 60,000 ndiyo bei ya ahadi, sasa jiulize kama ungeinunua peke yake. Nimepokea barua za watu walioinunua. Miezi sita ya kwanza watoto walichukuliwa, kisha simu zikaacha kupokelewa, na vitundu vimejaa sungura wanaokula.

Damu ya maonyesho nayo isikuzuzue. New Zealand, ingawa jina ni hilo, ni sungura aliyetengenezwa Marekani kwa ajili ya nyama, na kwenye maonyesho yetu anahukumiwa kwa mwili, kwa hiyo damu hiyo inaweza kukufaa. Lakini mteja wako wa Kiambu hatalipia unyofu wa masikio. Jike wa nyama unamlipia rekodi: alizaa wangapi mara ya mwisho, wangapi walifika wiki nane, walikuwa na kilo ngapi. Mhesabie matiti, yawe manane au zaidi. Mshike kiuno, kijae mkono. Muuzaji mwenye kadi ya kila jike iliyoning'inia kitunduni, imechafuka kwa kuandikwa, huyo mlipe hata nusu zaidi ya jirani yake. Asiye na kadi, bei yake ni ya nyama tu, kwa kilo.

Anza na majike wawili na dume mmoja, kwa hela yako na si ya chama. Halafu kabla ya mzao wa kwanza nenda mwenyewe kwenye hoteli mbili na bucha moja, uwaulize watachukua sungura wangapi kwa wiki na kwa bei gani. Niandikie majibu yao pamoja na uzito wa watoto wako wa wiki nane, tutapiga hesabu ya jike wa tatu pamoja.